Ua Ulilosema ni la Igunga

Mpendwa Baba Mwajuma,

Jana nilimaliza eda, na leo nakuuliza nilichoshindwa kukuuliza vizuri ukiwa hai: lile ua ulilitoa wapi?

Wakati ule wa kuhamishia watu kwenye vijiji vya Ujamaa, uliondoka nyumbani Itetemia, hapa Tabora, na lori la serikali, ukasema unapeleka familia zinazohamishwa Igunga. Hukurudi mpaka mvua zilipoanza. Nilipokung'uta koti lako nilifue, likadondoka ua jeupe na kikonyo chake chenye majani, kavu, likichakarika kama karatasi.

"Hili nini, Baba Mwajuma?"

Uliendelea kunywa uji. "Ua tu la huko Igunga. Limejaa kando ya barabara."

Igunga, unaniambia mimi? Bibi yangu kachunga ng'ombe huko tangu utoto. Nikampelekea. Alipapasa majani yenye manyoya meupe, akacheka. "Mjukuu wangu, hili limevaa blanketi. Kwetu Igunga nani anajifunika blanketi mchana?"

Sikutosheka. Jirani yetu mwalimu wa sayansi, mwenyeji wa Moshi, aliligeuzageuza dirishani. Akasema ni jamii ya alizeti, ingawa dogo kama kifungo, na huota juu Kilimanjaro, msitu unapokwisha na baridi inapoanza kuuma. Jina lake hasa hakulijua, maana hata kwao wengi hawajaliona.

Basi tangu siku ile kila safari yako niliipima. Ukiniletea doti ya khanga, niliwaza doti nyingine imekwenda kwa nani. Ukinichekea, nilijiuliza umejifunzia wapi. Dini ilikuruhusu wake wanne, mume wangu. Uongo haikukuruhusu hata mmoja. Nami nilikupenda hivyo hivyo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilinyamaza kwa kuogopa ungenijibu kweli.

Ulipofariki nilikaa eda macho mlangoni. Kila hodi nilidhani ni yeye, huyo mke mwenzangu, kaja na wanawe. Maneno ya kumfukuza nilikuwa nayo tayari. Hakuja mtu. Nikafurahi, kisha furaha ikaniishia, kwa sababu habari za msiba tulizipeleka Kwihara, Nzega na Igunga tu. Kama yupo huko mlimani, hakuna aliyemwambia. Mpaka leo anakubakizia chakula.

Pumzika salama, Baba Mwajuma.

Mkeo wa Tabora,
Mama Mwajuma