Wimbo wa Kusagia

Jumanne jioni, kijijini Zuzu

Bado nimeudhika na Mama Nyemo. Tulikuwa tunasaga unga wa boma la serikali, ambao askari anakuja kuuchukua kesho, Mama Nyemo akasema mbele ya wanawake wote, "Mtoeni huyu Mbeleje, anatuchelewesha!"

Mbeleje alimzika mwanawe juzi. Mikono yake haina nguvu, lakini nyumbani peke yake angefanya nini?

Mimi ndiye ninayeanzisha wimbo, na mawe yote ya kusagia hufuata wimbo. Basi niliimba polepole. Wote wakapunguza mwendo, hata Mama Nyemo. Mbeleje akatufikia, na baadaye nikamsikia akiitikia.

Unga haukutimia. Naogopa, maana kiboko cha yule askari nakijua.

Akiuliza aliyechelewesha kazi ni nani, nitasema ni mimi niliyeimba.