Sauti Yako Kwenye Wimbo wa Mwisho

Stockholm, Jumapili

Mama, shikamoo.

Habari iliyo mpya kuliko zote ni kwamba Jumamosi asubuhi kituo kimoja cha redio hapo Dodoma kitapiga wimbo wa mwisho wa albamu ya Yona. Aliyenieleza ni mdogo wangu mwenyewe, kwa simu, leo mchana. Nawe Jumamosi redio yako haizimwi, tangu unapochambua mboga mpaka vyombo vinapokauka kichanjani. Kwa hiyo nina siku chache za kukuambia kilichomo ndani ya wimbo huo kabla redio haijakuambia.

Kwanza, goti linasemaje? Mama mdogo Debora aliniandikia kwamba umerudi kupalilia mizabibu mwenyewe na kibarua umemrudisha kwao kwa sababu alikuwa anakata mizizi. Mimi ni mzima. Huku jua linazama nikiwa bado kazini, na ninapotoka naona taa tu. Kazi ni ileile: nasoma habari za watu wengine, naulizia majina, naulizia saa, naandika.

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ndiye uliyesema jambo zito liandikwe, mtu alisome, aliweke chini, alirudie. Mama mdogo atakuchapishia barua hii pale steshenari kwake. Nimemwomba asiisome. Najua ataisoma.

Nianze na albamu. Bendi ya Yona unaijua, inaitwa Kokoto. Muziki wao ni panki, tena ule mkali: magitaa mawili, ngoma za mbio, na kuimba kwa kupayuka. Wimbo mmoja haufiki dakika mbili. Albamu yao ya kwanza wameiita Kavu. Waliirekodi Chang'ombe ya hapo Dodoma, kwenye chumba kilicho nyuma ya mashine ya kusaga, wakisubiri mashine izimwe kwa sababu ukuta ulikuwa unatetemeka. Mama anayeuza vitumbua hapo nje alikuwa akiwapigia kelele dirishani: "We Yona, mnaimba au mnagombana? Mkishauana mniite nije nichukue viti!" Yona akamweka kwenye wimbo wa tatu, na yule mama sasa anawaambia wateja kwamba yeye ni msanii.

Albamu ilipotoka, mwandishi mmoja wa gazeti la Dar es Salaam aliandika kwamba hizo ni kelele za vijana wasio na kazi. Nilimpigia Yona nikidhani ameumia. Alicheka. "Kaka, kwani amekosea wapi? Kazi tunayo?"

Kisha, wiki tatu zilizopita, jarida moja la muziki la huku Ulaya likaisifu. Mhakiki alizipita nyimbo kumi na moja kwa aya moja, akaandika aya nne juu ya wimbo wa mwisho, unaoitwa Udongo. Alieleza kwamba katikati ya wimbo magitaa yanakata ghafla, na mwanamke anauliza kwa kilio: mkubwa hayupo, nani aanze kutupa udongo? Kwa maoni yake, hilo ni swali la taifa zima kwa viongozi wake. Alimsifu pia mwigizaji aliyetoa sauti ile.

Nilisoma uhakiki huo mezani kwangu kazini. Nikavaa spika za masikioni niusikilize wimbo wenyewe kwa mara ya kwanza. Magitaa yakakata. Mama, ilikuwa sauti yako.

Unakumbuka siku tuliyomzika Baba, nasema tuliyomzika ingawa mimi sikuwepo. Nilimwomba Yona ashike simu na arekodi kila kitu, toka jeneza linapotoka nyumbani mpaka mwisho, ili nami niwe kama nipo. Alirekodi dakika arobaini na moja, akanitumia jioni ileile. Sikuifungua. Nilijiambia nitaifungua Jumapili, na Jumapili zikapita miaka mitatu. Yona alipouliza kama nimesikiliza, nilisema ndiyo.

Mwaka jana akaniandikia ujumbe, bado ninao: "Kaka, ile ya makaburini nataka kutia kipande kwenye wimbo. We umeisikiliza, unajua ni kipande gani. Sawa? Na Mama je?" Nilikuwa katikati ya habari. Nikamjibu maneno manne: "Tumia tu. Mama nitamwambia." Sikukuambia. Mimi ambaye siandiki jina la mtaa bila kuuliza watu wawili, nilitoa ruhusa ya kitu nisichokisikia, kwa niaba ya mtu nisiyemuuliza.

Siku niliyousikia wimbo nilimpigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ile sauti ni ya Mama."

Nyuma yake nilisikia mashine ya kusaga.

"Sasa si ulisikiliza?"

"Sikusikiliza."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Wewe kaka? Wewe unayenisahihisha nikisema saa nne kumbe saa nne na robo?"

Kisha akauliza:

"Na Mama? Si ulisema utamwambia?"

"Sijamwambia."

"Basi tumemwibia," akasema. Hakupandisha sauti. Mtu ambaye kazi yake ni kupayuka, siku hiyo alisema taratibu kabisa.

Baada ya simu hiyo niliifungua rekodi na kuisikiliza yote. Linasikika koleo likigonga jiwe. Anasikika mjomba akiwafukuza watu ukingoni: "Sogeeni nyuma jamani, mtamfuata!" na watu wawili wanacheka kisha wanajizuia. Mchungaji anakohoa. Halafu wewe unauliza swali lako. Kwenye wimbo limekatwa hapo. Kwenye rekodi unasikika upepo, kisha wewe mwenyewe unasema: "Yona, anza wewe, mwanangu." Bonge la udongo linaanguka juu ya ubao. Yona anasema, "Hili langu." Linaanguka jingine. Anasema, "Hili la kaka."

Nilirudia hapo mara nne. Kisha nilikwenda kunawa uso, nikarudi kumaliza zamu.

Yona hajawahi kuniambia kwamba alitupa udongo kwa niaba yangu. Nilipomuuliza kwa nini hakukiweka kipande hicho, kwa kuwa ndicho kizito zaidi, alijibu: "Hicho ni cha nyumbani, kaka." Nikamuuliza, na cha Mama je? "Cha Mama nilijua mmeshakubaliana."

Gazeti likikosea, Mama, linachapa sahihisho. Halipambi. Na mimi ninalo moja. Nilikuambia sikupata ndege. Ndege ilikuwepo na nauli nilikuwa nayo. Kibali changu kipya cha kazi kilikuwa hakijatoka, na kama ningeondoka nisingeruhusiwa kurudi. Nilikaa siku moja na usiku mmoja nikipima, nikachagua kazi. Wewe ulikuwa unauliza mbele ya kaburi nani aanze, mkubwa hayupo, na watu wakikufariji kwamba ndege ni shida. Hapakuwa na shida ya ndege. Yule mhakiki amekosea: swali lako halikuwa la taifa wala la viongozi. Lilikuwa langu, na nilikuwa nimekwisha kulijibu kabla hujaliuliza.

Sasa uamuzi ni wako peke yako. Wanaotoa albamu huku wanataka kuichapa tena, na wanasubiri neno la Yona mpaka Ijumaa. Ukikataa, sauti yako itaondolewa kwenye nakala mpya, na redio itaambiwa ipige wimbo mwingine. Nakala zilizokwisha kutoka hatuwezi kuzirudisha, hilo sikufichi. Yona anaamini kwamba bila kipande kile albamu itabaki kuwa zile kelele alizozisema yule wa Dar es Salaam. Lakini ameniambia pia, "Mama akisema hapana, naitoa mwenyewe kwa mkono wangu, hata bendi wakinifukuza." Namwamini. Yeye aliwahi kuniwakilisha vizuri kuliko nilivyojiwakilisha.

Nakuomba jambo moja: usijibu kwa kutuhurumia. Yona asikuhurumishe kwa bendi yake, wala mimi kwa barua hii.

Nisalimie shangazi, aliyefua nguo za Baba za mwisho na hakumruhusu mtu mwingine azishike. Nisalimie mjomba, mwambie nimemsikia, na kwamba hata makaburini alichekesha watu. Mama mdogo Debora, kwa kuwa umeshafika hapa, shikamoo, na nakushukuru kwa karatasi. Mama, msalimie pia yule mzee wa kanisa wa jirani, anayekufungia mbuzi ukichelewa.

Yona atafika hapo nyumbani Hombolo Alhamisi saa kumi alasiri, ukiwa umetoka shambani. Atakuja na simu yake na spika za masikioni. Ukitaka kusikia, atakuwekea rekodi yote kwanza, kisha wimbo. Usipotaka, sema hapana, naye atakupalilia mstari mmoja wa mizabibu na kurudi mjini. Saa kumi na mbili jioni nitapiga simu. Sitaeleza kitu. Safari hii nitasikiliza.

Mwanao mkubwa,
Elia