Figo ya Bi Saumu

Jumamosi, Louisville

Swali lile la nguruwe. Bado nacheka.

Mwanaisha, rafiki yangu wa kazini, ndiye aliyetualika msikitini kwao tuzungumze na waumini kuhusu kutoa figo. Imamu alianza kwa kuwaambia kwamba yeye haoni kizuizi katika kuokoa maisha ya mtu. Kisha nikasimama mimi, nikamtambulisha mume wangu Matayo, ambaye damu yake inasafishwa kwa mashine tangu mwaka jana.

Mama mmoja, Bi Saumu, akauliza, "Nikimpa Mkristo figo yangu, naye akala nguruwe, dhambi ni ya nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Matayo akajibu kwa upole, "Bon, haya, mama, ukinipa, nguruwe naacha leo."

Walicheka wote, hata imamu. Bi Saumu akauliza damu inapimwa wapi. "Sijaahidi kitu," akasema. "Nataka kujua tu."

Huenda damu yake isilingane na ya Matayo. Naogopa hata kutumaini.

Lakini tulipokuwa tunarudi, Matayo alicheka mpaka ikabidi asimamishe gari kando ya barabara. Kicheko kile nilidhani ugonjwa umeshakichukua.