Uso wa Mama Ukisubiri Mtandao

Jumapili, 10 Machi 2024

Hili sijamwambia mtu yeyote. Mtandao wetu haujawahi kukwama. Ni mimi.

Kila Jumapili Mama anapiga simu ya video kutoka Ireland, anakofanya kazi. Anaongea, anacheka, anapanga vitu kwenye friji — hatulii. Mtu wa namna hiyo utamchoraje? Basi naganda. Macho wazi, mdomo nusu, sipumui. Mama anadhani picha imekwama. Anasogea, anakodoa macho, ananisubiri. Hapo nabonyeza, napiga picha ya skrini. Mwaka wa tatu sasa. Ndiyo nafasi pekee anayonitazama kweli.

Leo nikaganda kama kawaida. Akaita, “Lada? Lada, mwanangu?” Akamgeukia mtu ambaye sikumwona. Imekwama tena, akasema. Afadhali. Sijui nitamwambiaje huyu mtoto kwamba sirudi.

Sauti ya kiume ikajibu: mwambie tu, si mtoto tena.

Nami siwezi hata kupepesa! Macho yanawaka. Kidole kikabonyeza chenyewe. Halafu nikakata.

Alipopiga tena nikasema samahani Mama, mtandao wa huku ovyo. Akasema mwezi wa Juni atakuwa nyumbani, moto wa Līgo, sikukuu ya kiangazi, tutauwasha pamoja, si aliahidi? Nikasema sawa.

Jumatano, 20 Machi

Nimeanza turubai la picha ile ya skrini, ya Jumapili ile. Kubwa, linanipita kimo. Rūdis, ambaye anachora jirani yangu darasani, akachungulia. “We! Hadi betri? Asilimia kumi na nne! Mchajie basi mama wa watu!” Darasa zima likacheka. Nikacheka nao. Ningemwambia nini? Nyumbani ni Kirusi, shuleni Kilatvia, na Kilatvia changu hukauka kila nikitaka kusema jambo la ndani.

Nachora kila kilichopo kwenye skrini. Ndivyo nilivyojizoeza, nisichague. Saa, alama ya kipaza sauti, uso wangu mdogo kule pembeni, vijistari vya mtandao. Uso wa Mama nauacha mwisho. Mdomo ndio shida. Nimeupaka, nimeukwangua, nimeupaka.

Jumapili, 7 Aprili

Imechaguliwa! Maonyesho ya wachoraji vijana wa nchi zetu tatu, sisi, Estonia na Lithuania, kwenye ghala la zamani kando ya mto Daugava. Mwalimu Skaidrīte alinikumbatia, ananuka tapentaini ya kuyeyushia rangi. Eti picha yangu inazungumzia upweke wa kizazi cha skrini. Haya.

Nikamwambia Mama kwenye simu. Sikuganda — sigandi tena, naogopa nitakachosikia. Akapiga ukelele: nakuja! Leo leo nakata tiketi! Nikafurahi kama mjinga. Labda akiniona uso kwa uso atabadili mawazo. Akisimama tu mbele yangu. Labda.

Bibi Zina, ninayeishi naye, alisikia yote. Aliendelea kumenya viazi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mama amekuja. Kakata nywele. Ananukia sabuni ya nyumba nyingine.

Ghala lilijaa. Kijana wa Estonia kachora hitilafu za kamera kwa rangi ya mafuta, msichana wa Lithuania kachora kioo cha simu kilichopasuka, ufa mmoja mmoja. Na watu wanazipiga picha kwa simu! Mama alizipita zote mbio akiniuliza, yako iko wapi, yako iko wapi? Akajikuta mbele ya uso wake.

Kwanza alicheka. “Mungu wangu, nimezeeka hivi? Ona hicho kidevu!” Watu wakamtambua, wakapiga makofi. Akainama kama mwigizaji. Nilimpenda sana wakati ule.

Kisha akaigeukia picha tena. Akasogea. Akakodoa — uso ule ule, ukutani na mbele ya ukuta! Akaangalia pembe ya juu ya picha. Vijistari vinne vya mtandao, vyote vimejaa. Nilivipaka mwenyewe kwa brashi nyembamba kuliko zote na sikufikiri hata mara moja kwamba mtu atavisoma.

“Mtandao ulikuwa mzima,” akasema. Kwa Kilatvia. Mama yangu, kwa Kilatvia, kama anaongea na karani wa benki.

Nikasema ndiyo.

“Ulikuwa unanisikia.”

Ndiyo, Mama.

Rūdis akaja na juisi, akasema mama, simama karibu na picha, niwapige wote wawili. Tukasimama. Tukatabasamu.

Jumamosi, 20 Aprili

Asubuhi hii Mama na Bibi wako jikoni, Bibi anakaanga ile mikate midogo ya jibini anayoipenda Mama. Nasikia kila kitu, ukuta ni mwembamba.

Bibi: nilikuambia umwambie tangu Krismasi.

Tangu Krismasi! Kumbe naye alijua!

Mama: nilidhani hanisikii. Bibi: mtoto anakutazama miaka mitatu, wewe ulidhani anatazama nini? Mama analia au anapenga kamasi, sijui. Anasema mambo ya kazi, mambo ya yule mwanamume, anasema pia kuna chumba huko, kidogo, lakini kipo. Bibi: basi usiniambie mimi. Nenda.

Chumba cha nani? Changu? Au ananiaga?

Kiti kimesogea. Anakuja. Namjua kwa hatua, ule mguu wa kushoto anaouburuza akiwa amechoka. Amesimama mlangoni.

Anabisha hodi. Mama! Nyumba hii hakuna anayebisha, yeye mwenyewe alikuwa akiingia tu na kunivuta blanketi. Anabisha kama mgeni. Naficha daftari hili chini ya godo