Upande wa Moshi

Jumatatu, 3 Machi
Picha ya maofisa kambini. Viti kwa vyeo, kama kawaida. Lenzi yangu hufifisha ukingo wa kulia, kwa hiyo huko huweka kichaka au mtu wa cheo cha chini. Leo wakanilazimisha kutumia yao mpya. Jina lile lile, kiwanda kile kile. Nikawapanga kwa mazoea. Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimesafisha picha. Kulia wote safi. Kushoto kabisa, Kapteni hana macho. Ukungu mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Kapteni amekuja studio, hapa Mengo. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Watu yote iko safi. Mimi peke yangu kama moshi. Nani alituma wewe?"

Nikasema ni lenzi. Akazigeuzageuza zote mbili, yangu na yao.

"Jina moja, kampuni moja. Wewe Mkongo nadanganya mimi."

Nithibitishe kufikia Ijumaa, la sivyo atanichukua. Mke wangu Zawadi amefunga nguo za watoto bila kuniuliza. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandika gazeti ukutani, nikalipiga picha kwa lenzi zote mbili. Moja inapoteza herufi za kulia, nyingine za kushoto. Kiwandani kioo kikiinama kidogo, chini ya unene wa unywele, wanakipitisha. Kila kimoja kinainama kivyake. Vidole vya mkono mmoja havilingani, lakini nenda kamwambie mwanajeshi.

Ijumaa, 7 Machi
Kapteni ameelewa. Upesi kuliko nilivyotaka. Akacheka.

"Kumbe wewe si mtu mbaya. Kesho tarudia picha. Lenzi yetu ile ile. Luteni weka yeye kwa upande ya moshi."

Nikauliza kwa nini. Swali la kipumbavu.

"Huyo hatakaa sana."

Zawadi amefungua mizigo akiimba. Nami nimefurahi. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepiga. Luteni ni kijana wa kaskazini, mpole. Alikaa nilipomwonyesha, akanyoosha kola.

"Nimekaa sawa, mzee?"

Nikasema ndiyo. Akaomba nakala moja ya kumpelekea mama yake.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Zawadi na watoto wako kanisani. Nimekaa na penseli, namchorea Luteni macho kwenye nakala ya mama yake. Nimefuta, nimerudia. Sijui yalivyo. Jana sikumtazama usoni.