Mama Mkwe Mlangoni mwa Bafu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie na unipokee kwa subira, maana jambo lenyewe linanitia haya. Mimi ni mshonaji wa nguo, mama wa mabinti wawili, na tangu nijifungue wa pili nimepatwa na wasiwasi wa udhu: nikishatawadha naona kisigino hakikupata maji, narudi, naona labda nimetokwa na upepo, narudi tena, hata mara saba, adhuhuri naisali wakati unakaribia kwisha, viganja vimepasuka, na mwezi uliopita damu ya kidole ilidondokea gauni jeupe la bibi harusi nikalifumua upande mzima huku nalia. Mume wangu alichoka akaanza kunigombeza, lakini mamaye hakunisema hata siku moja, alivuta kigoda akakaa mlangoni mwa bafu, akanipaka mafuta mikononi kama mtoto, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, umetawadha, nimekuona kwa macho yangu. Toka tukasali." Nikatoka, nikasali ubavuni kwake, na ilikuwa sala yangu ya kwanza yenye utulivu baada ya miaka miwili, nami namshukuru Mungu kwa mama huyu ambaye hakunizaa. Sasa amesafiri kwenda kumuuguza dada yake, nami naogopa: je, sala ile ilikuwa sahihi, au nilimtii tu kwa uchovu? Na za nyuma nizilipe?

Mshonaji

Dada Mshonaji, pole kwa mikono, na hongera kwa mkwe. Ila nikukaripie kidogo: miaka miwili unateseka na hukumuuliza mtu? Haya hukuyaanza wewe. Kuna mtu alimlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba akiwa katika sala huhisi kama kimemtoka kitu. Akaambiwa asiiache sala mpaka asikie sauti au apate harufu. Hakuambiwa ajichunguze. Na aliyetatizika kama amesali rakaa tatu au nne, alifundishwa aitupe shaka na ajenge juu ya alilo na hakika nalo. Kwa hadithi kama hizi wanazuoni waliithibitisha kanuni inayofanya kazi kuanzia kwenye udhu hadi kwenye ndoa na mahakamani: yakini haiondolewi na shaka. Kwa hiyo mkwe wako hakukubembeleza tu. Alikupa fiqhi, elimu ya sheria za dini, hata kama hajui inaitwaje. Sala ile ni sahihi.

Sasa sikiliza. Tawadha mara moja, usizidishe kuosha kiungo zaidi ya mara tatu. Ukimaliza, wazo likija liache lipige kelele zake, wewe nenda kwenye mkeka wako wa kusalia. Mume wako asome jibu hili, aache ukali. Muone daktari kwa ajili ya mikono, na mweleze pia kwamba hali ilianza baada ya uzazi. Hutibika, na kumwendea si upungufu wa imani. Sala za nyuma ulizosali usizilipe hata moja. Kisha mpigie simu mama mkwe leo hii, umwambie yale uliyoniandikia mimi. Shukrani hizo ni zake.