Kiti Kando ya Mkwe

Utrecht, Uholanzi
14 Februari 2025

Kwa kaka yangu Mramba,

Pokea salamu za dada yako kutoka ugenini. Natumaini goti lako limepungua maumivu tangu mvua zilipokatika huko Garsen. Wifi Priscilla hajambo? Na viboko je, wameacha kuingia kwenye mahindi, au bado mnawapigia madebe? Mimi sijambo. Baridi ya huku ni kali, lakini navaa soksi mbili mbili. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima.

Natanguliza habari kubwa ili usome mengine kwa utulivu. Mwanangu Sidi alijifungua salama jana asubuhi. Ni mtoto wa kike, mwenye afya na sauti kubwa. Baada ya mimba mbili kuharibika, unajua tulivyokuwa tukiishi. Nilipomsikia mtoto akilia niliketi sakafuni pale pale, na muuguzi akadhani nimezirai.

Sasa nikueleze safari, kwa kuwa uliniagiza nisiache kitu.

Uliniruhusu kuja kwa sharti moja, kwamba heshima ya ukwe isivunjwe wakati Sidi ana mimba, isije nayo ikaharibika: nisimpe mumewe mkono, nisile naye, wala nisilale mahali alipolala. Sidi alilishika sharti hilo. Alinitafutia chumba kwa jirani yake, mjane mmoja mkimya, ambako ninalala hadi leo. Kitu kimoja tu hakikutujia akilini, nacho ni ndege.

Willem, mkwe wetu, alikuwa Nairobi kikazi. Aliona si vizuri mama mzee asafiri peke yake, akakata tiketi mbili za daraja la mbele, viti viwili vilivyopakana. Tuliondoka asubuhi. Kaka, sijawahi kuona starehe kama ile. Miguu inapata mahali pake, unaletewa kitambaa cha moto cha kupangusia mikono, na chakula kinakuja katika sahani za kauri. Wifi alinitania kwamba nitarudi nikisemea puani. Kwa chakula kile, ningeweza. Nilikula nikiwa nimegeukia dirishani ili isihesabike kwamba tumekula pamoja. Willem alidhani natazama mawingu, akaniarifu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba mawingu yale ni ya Sudani.

Baada ya chakula, mhudumu alibonyeza kitufe, na kiti cha Willem kikajinyoosha kikawa kitanda. Kisha akaja kwangu. Vitanda hivyo viwili vilitenganishwa na ubao usiozidi upana wa kiganja. Nilimwambia kwamba mimi silali. Akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia kwamba huyu ni mkwe wangu. Akatabasamu, akasema nimebahatika. Nikaomba kuhamishiwa nyuma, akajibu kwamba ndege imejaa. Basi nikakaa wima kama niko kanisani, mkoba mapajani, huku wenzangu wakikoroma.

Willem alipoamka na kuniona hivyo, aliuliza amekosa nini. Nilimweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikimweleza mwanafunzi enzi za ualimu wangu. Uso ukamwiva. Hakubishana. Alikwenda kusimama karibu na jiko la ndege, akakaa huko zaidi ya saa mbili ili mimi nilale. Wahudumu walimsihi arudi, akakataa.

Tulipofika Amsterdam, penye sakafu zinazotembea zenyewe, alinitangulia hatua tano. Nikisimama, anasimama. Askari wa pasipoti akamuuliza kama tumegombana.

Lakini nimeruka jambo, Kaka, nami sasa nakiri. Alipokuwa amesimama kule, ndege iliingia penye upepo mbaya, ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Aliamriwa arudi kitini afunge mkanda. Ikashuka tena. Nilimshika mkono. Niliushika mimi, kwa mikono yangu yote miwili, nikamwita mwanangu. Ndege ilipotulia sikuuachia. Nililala kando yake hivyo hivyo mpaka tulipokaribia kutua, usingizi ambao sijaupata tangu marehemu mume wangu Fondo atuache.

Kwa wiki tatu nimeishi na hofu. Kila Sidi aliposhika kiuno, niliitazama mikono yangu. Sikumwambia mtu. Jana mtoto alipolia, nilishusha mzigo ambao hakuna aliyejua kwamba ninaubeba.

Kama wazee wataona pana kosa, ni langu, Willem asitajwe. Nawe nisikufiche: ndege ile ikishuka tena, nitaushika tena mkono ule.

Sidi na mumewe wamekataa kumpa mtoto jina. Wanasema litoke kwako, uliyepokea mahari. Ukilituma, nitajua umenisamehe. Usikawie, maana hospitalini wanamwita mtoto wa kitanda cha nne.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na Mungu awalinde.

Dada yako,
Kabibi